Shaba na Njia Zake Mbili

Baba yangu mdogo alifanya kazi ya gengi, kundi la watunza njia, kwenye reli ya TAZARA iunganishayo Tanzania na Zambia, kipande cha Mlimba, kuanzia mwaka 1978 hadi alipostaafu. Nilipokuwa mdogo alinichukua mara kadhaa alfajiri nimfuate juu ya tuta, nami nikawa najitahidi kuruka kutoka taruma moja hadi jingine bila kugusa kokoto, jambo gumu kwa miguu ya mtoto. Yeye alitembea na nyundo ya mpini mrefu begani. Kila baada ya hatua chache aliishusha, akagonga boliti inayoshika reli kwenye taruma la zege, akatega sikio, kisha akaendelea. Boliti iliyokaza hulia kwa mlio mkali na mfupi. Iliyolegea hulia kama chungu chenye ufa, na hapo ndipo alipopiga goti na kutoa spana. Aliniambia kwamba treni haianguki siku watu wanapoiona imeanguka, bali huanza kuanguka siku ile mtu wa gengi anapopita bila kugonga.

Nimeikumbuka sana nyundo hiyo tangu Novemba 2025, Waziri Mkuu wa China, Li Qiang, alipofika Lusaka na kushiriki, pamoja na Rais Hakainde Hichilema na Makamu wa Rais wa Tanzania, Emmanuel Nchimbi, katika uzinduzi wa ukarabati wa reli hiyo hiyo, kazi iliyotengewa takriban dola za Marekani bilioni 1.4. Habari nyingi nilizozisoma zilieleza tukio hilo kwa namna moja: kwamba Marekani na Ulaya zinaisukuma njia ya Lobito, bandari ya Angola, iendayo Bahari ya Atlantiki, na sasa China inajibu kwa kuifufua njia ya Dar es Salaam iendayo Bahari ya Hindi. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini yanamwacha msomaji akidhani kwamba mchezo huu umeanza jana na kwamba wachezaji ni wawili tu, ilhali sisi tulioko kandokando ya reli tumekwisha kuuona ukichezwa mara moja kabla ya sasa, na matokeo yake tunayajua.

Chanzo cha yote ni mahali ilipo shaba. Ukanda wa shaba wa Zambia na ule wa Katanga nchini Kongo, kuanzia Ndola na Kitwe hadi Lubumbashi na Kolwezi, uko katikati kabisa ya bara, mbali na bahari zote. Anayechimba hapo hana budi kupita katika nchi ya mwenzake ili mzigo wake uione meli. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba yake ilitegemea zaidi reli ya kusini iliyopita Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kwenda Beira ya Msumbiji, na kwa kiasi fulani reli ya Benguela iliyopita Angola kwenda Lobito. Beira na Lobito zote zilikuwa mikononi mwa Wareno. Kisha tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith wakajitangazia uhuru wao, na Rais Kenneth Kaunda akajikuta anapitishia uchumi wa nchi yake nzima katika malango ya watu waliotaka aanguke.

Wazo la reli ya kwenda Dar es Salaam lilikuwapo tangu kabla ya hapo, na mlango wa kwanza kubishwa haukuwa wa Beijing. Benki ya Dunia ililichunguza wazo hilo mwaka 1964 ikahitimisha kwamba reli hiyo haitajilipa na kwamba barabara ingetosha. Uchunguzi mwingine wa wataalamu wa Uingereza na Kanada, uliotolewa mwaka 1966, ulisema inawezekana, lakini hakuna serikali ya Magharibi iliyotoa fedha. Katika kipindi hicho hicho uhusiano wetu na Magharibi ulikuwa unachubuka pande nyingi: Ujerumani Magharibi ilitubana kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki, na Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, hatua iliyotugharimu mkopo wa pauni milioni 7.5 uliozuiliwa. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amezuru Beijing Februari 1965, na Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Tanzania Juni mwaka huo huo. Makubaliano ya kwanza ya reli yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967.

Inafaa kujiuliza China ya wakati ule ilitaka nini, kwa kuwa ilikuwa nchi maskini, tena iliyokuwa ndani ya misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni. Jibu la kwamba ilitupenda halitoshi. China ilikuwa imegombana na Marekani, ikagombana pia na Urusi ya Kisovieti kiasi kwamba Machi 1969 majeshi ya nchi hizo mbili za kikomunisti yalipigana risasi kwenye mto Ussuri. Kiti chake katika Umoja wa Mataifa kilikaliwa na serikali ya Taiwan. Ilihitaji marafiki, ilihitaji kura, na ilihitaji kuonyesha kwamba inaweza kutenda jambo ambalo Washington imelikataa na Moscow haijalifanya. Hayo yalikuwa maslahi, na sioni aibu kuyataja kwa jina lake. Kilichotufaa ni kwamba maslahi yake na mahitaji yetu yalikutana mahali pamoja, na waliokaa mezani kwa upande wetu walijua thamani ya walichokuwa nacho.

Pia tusisahau kwamba China haikuwa peke yake kwenye ukanda ule. Waitaliano ndio waliojenga bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Wamarekani waligharimia sehemu kubwa ya barabara kuu ya kwenda Zambia, ile tunayoipita leo kwa basi kutoka Morogoro kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Wachina wakaleta reli. Ukisimama Makambako, mahali ambapo barabara na reli hukutana, unaona kwa macho yako ushindani wa mataifa makubwa ukiwa umelala chini kama lami na chuma. Kila mmoja alikuja kwa sababu mwenzake yupo au anakuja, na wenye nchi wakapata vyote vitatu.

Mkataba wa mwisho ulitiwa saini Julai 1970. China ilitoa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30, nchi zetu mbili zikigawana deni nusu kwa nusu. Kuna kipengele cha mkataba huo ambacho wengi walikiishi bila kukijua. Gharama za ndani, yaani mishahara ya vibarua, chakula na vifaa vya hapa, zilipaswa kulipwa kwa shilingi na kwacha, na fedha hizo zilipatikana kwa kuleta bidhaa za Kichina zikauzwa madukani mwetu, mapato yake yakaingia kwenye mfuko wa ujenzi. Bibi yangu alikuwa na chupa ya chai ya bati jekundu yenye maua ya waridi, ambayo kifuniko chake kilipopotea alikitengenezea kingine kwa gunzi la hindi. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba aliponunua chupa ile dukani, alikuwa anamlipa kibarua aliyekuwa akichonga mlima nyuma ya nyumba yake.

Mlima huo ndio uliokuwa mtihani wenyewe. Reli nzima ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, lakini kati ya Mlimba na Makambako kuna kipande cha takriban kilomita 157 kinachopanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, na humo ndimo yalimorundikana mahandaki na madaraja mengi kuliko popote. Nguzo za daraja la mto Mpanga zinafikia urefu wa mita 50 hivi. Ukipita ndani ya behewa unaingia gizani, unatoka kwenye mwanga, unaona korongo chini ya miguu yako, unaingia gizani tena, na abiria waliozoea hukatisha mazungumzo kila handaki linapoanza na kuyaendeleza pale pale linapokwisha. Makumi ya maelfu ya Wachina walikuja kwa zamu, wakafanya kazi pamoja na makumi ya maelfu ya Watanzania na Wazambia. Zaidi ya Wachina 60 walifia katika kazi hiyo, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenye makaburi yaliyopangwa kwa safu. Wenzetu waliokufa katika kazi hiyo hiyo hawana makaburi ya pamoja ya namna ile, na hilo linaniuma.

Ujenzi ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 26 Oktoba 1970. Mwaka mmoja kasoro siku moja baadaye, tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura 76 dhidi ya 35 kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake, na Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoandaa azimio hilo. Balozi wetu alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana asiyefika miaka 30, na shangwe aliyoionyesha ukumbini pamoja na wenzake wa Afrika haikusahauliwa. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile alikuwa George Bush, ambaye kufikia mwaka 1981 alikuwa Makamu wa Rais wa nchi yake.

Mwaka huo wa 1981 Salim aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria, aliyetaka kipindi cha tatu. Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu. China nayo ilimzuia Waldheim kwa kura ya turufu mara 16, duru baada ya duru, kwa wiki kadhaa, hadi wagombea wote wawili wakajiweka kando na nafasi ikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Nimelitafakari tukio hili mara nyingi, kwa sababu linaonyesha urafiki wa taifa kubwa unaweza kufika wapi na unakomea wapi. Sijui mfano mwingine wa taifa kubwa kumsimamia mgombea wa Kiafrika kwa ukaidi wa namna ile. Hata hivyo China, kwa nguvu zake zote, iliweza tu kumzuia mshindani. Haikuweza kumketisha mtu wetu kwenye kiti.

Mataifa makubwa nayo hubadilisha upande wakati mataruma yangali yanapangwa. Reli yetu ilipokuwa bado haijafika Mbeya vizuri, Rais Richard Nixon alikwishatua Beijing, Februari 1972, na maadui wa jana wakaanza kupeana mikono dhidi ya Moscow. Matunda yake yalionekana Angola. Mwaka 1974 wakufunzi wa Kichina waliwafundisha wapiganaji wa FNLA, mmoja wa vyama vya ukombozi vya Angola, huko Zaire, Kongo ya leo, na mwaka uliofuata Marekani ikawa inakisaidia chama hicho hicho kwa siri, huku Wasovieti na Wakuba wakiwa upande wa chama hasimu cha MPLA. Vita ilipopamba moto, Agosti 1975, reli ya Benguela ikafungwa. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, kwa hiyo Zambia ilipoteza njia ya magharibi wakati ule ule ilipopata ya mashariki. China ilikuwa imetujengea mlango mmoja, na kwa mkono mwingine ikawa imechangia vita iliyoufunga wa pili. Sisemi kwamba ilikusudia hivyo. Nasema kwamba taifa kubwa lina mikono mingi, na mara nyingi mmoja haujui mwingine umeshika nini.

Baada ya makabidhiano ndipo ulipoanza wakati ambao hauna hotuba wala picha. Mzigo ulifikia zaidi ya tani milioni 1.2 katika mwaka 1977/78, ingawa reli ilijengwa kwa uwezo wa kubeba takriban tani milioni 2. Msongamano wa bandari ya Dar es Salaam na upungufu wa mabehewa ulimlazimisha Kaunda kuifungua tena njia ya kusini mwaka 1978, uamuzi uliotuuma sana Tanzania wakati huo. Mwaka 1979 makomando wa Rhodesia walilipua daraja la reli la Chambeshi nchini Zambia, na treni haikuweza kupita. Injini za awali za Kichina zilichoka haraka kwenye milima ya Makambako, zikaja injini za muundo wa General Electric zilizounganishwa Ujerumani Magharibi, yaani reli ya Mao ikawa inavutwa na vichwa vya Kimarekani, na watu wa Mlimba hawakuona ajabu yoyote mradi treni imefika. Ubaguzi wa rangi ulipokoma kusini, mzigo ulipata njia nyingine. Katika mwaka 2014/15 reli ilibeba tani 88,000 tu.

Hapo sitamlaumu mgeni. Sheria iliyounda mamlaka ya reli iligawa vyeo vya juu kwa uraia, mkuu kutoka nchi moja na msaidizi wake kutoka nyingine, na serikali mbili zenye kila nia njema zikashindwa kwa miaka mingi kukubaliana nani atie mtaji na kiasi gani. China ilituma wataalamu na mikopo midogo midogo mara kwa mara, ikasamehe sehemu ya deni. Lakini nyundo ya baba mdogo haikuwa jambo la kuzungumzwa kwenye mkutano wa marais. Mataifa makubwa hushindania kujenga, kwa kuwa ujenzi una siku ya kukata utepe, na hakuna taifa lililowahi kushindana na lingine ili likaze boliti za mtu.

Sasa turudi Lobito. Reli ya Benguela, kilomita 1,344 kutoka pwani hadi Luau mpakani mwa Kongo, ni kazi ya mkoloni, iliyotokana na kibali alichopewa Mwingereza Robert Williams mwaka 1902. Baada ya vita ya Angola ilikuwa magofu na mabomu ya kutegwa ardhini. Aliyeijenga upya ni nani? Ni kampuni ya Kichina, kati ya mwaka 2006 na 2014, kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.8, katika enzi ambayo Angola ilikuwa ikilipa mikopo ya Beijing kwa mafuta. Kisha Angola ikatafuta mwendeshaji. Wachina waliomba na hawakupata. Mwaka 2022 ilichaguliwa kampuni ya ubia ya Trafigura, Mota-Engil ya Ureno na Vecturis ya Ubelgiji, kwa miaka 30, nayo ikakabidhiwa reli Julai 2023. Marekani ikatangaza mkopo wa dola milioni 553, Umoja wa Ulaya ukajiunga, na Desemba 2024 Rais Joe Biden akafika Lobito mwenyewe. Kuna pia mpango wa reli mpya ya takriban kilomita 800 ya kuiunganisha Zambia moja kwa moja na njia hiyo.

Kwa hiyo Wamarekani wanaipanua reli iliyofufuliwa na Wachina, na sehemu ya mzigo wake hutoka katika migodi ambayo Wachina wana hisa. Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, mgodi uliotangulia kujaribu kupitisha shaba yake Lobito, unamilikiwa kwa pamoja na Ivanhoe ya Kanada, Zijin ya China na serikali ya Kongo. Tenke Fungurume, moja ya hazina kubwa za kobalti duniani, iliuzwa na kampuni ya Kimarekani ya Freeport-McMoRan kwa kampuni ya Kichina ya CMOC mwaka 2016 kwa dola bilioni 2.65, na wakati ule Washington haikushtuka. Ilishtuka baadaye, magari ya umeme yalipoanza kuihitaji kobalti hiyo na ikaonekana kwamba zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani hutoka Kongo na nyingi husafishwa China.

Mwenye mgodi, awe wa Beijing au wa Vancouver, haangalii bendera ya reli. Anaangalia siku na dola kwa tani. Ndiyo maana hadi leo shaba nyingi ya Katanga haipiti kwenye reli yoyote kati ya hizi mbili, bali kwenye malori yanayopanga foleni mipakani, Kasumbalesa, kisha Nakonde na Tunduma, yakiwa na vipande bapa vya shaba vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma na kufunikwa turubai. Madereva wetu wanaozungumza Kiswahili cha Mbeya huelewana bila shida na wachuuzi wa Lubumbashi wanaozungumza Kiswahili cha kwao, na ukikaa nao mgahawani Tunduma utasikia bei ya dizeli Ndola na hali ya daraja fulani kabla gazeti lolote halijaandika. Ushindani wa kweli dhidi ya TAZARA unafanywa na watu hawa, kila usiku, kwenye ile barabara ambayo msingi wake uliwekwa kwa fedha za Marekani.

Jambo ambalo ningependa wasomaji walitazame kwa makini kuliko yote ni tofauti kati ya mkataba wa 1970 na huu wa sasa. Idara ya misaada ya nje ya Wizara ya Reli ya China, iliyosimamia ujenzi wa TAZARA, ndiyo iliyozaa kampuni ya ujenzi ya CCECC mwaka 1979. CCECC hiyo hiyo ndiyo iliyopewa reli mwaka 2025, kwa miaka 30, ikiwamo mitatu ya ukarabati, nayo itarejesha fedha zake kwa kuiendesha. Wazazi walikuja kama idara ya msaada, mtoto amekuja kama mwekezaji. Silalamiki. Kampuni ina haki ya kutafuta faida, na reli inayobeba tani 88,000 haikuwa msaada kwa yeyote. Lakini viongozi wetu wakisimama jukwaani wakasimulia urafiki wa Mwalimu na Mao, halafu chini ya meza kukawa na mkataba wa kibiashara wa miaka 30, tunachanganya mambo mawili yanayopaswa kuwekwa mbalimbali. Mgeni aliyekuja na jembe humpi kiti kile kile ulichompa aliyekuja na zawadi. Si kwa kumchukia, bali kwa sababu mazungumzo ni mengine.

Zambia inalijua hilo kwa maumivu. Ilishindwa kulipa madeni yake Novemba 2020, na makubaliano ya kupanga upya deni la dola bilioni 6.3 kwa nchi wakopeshaji yalipatikana Juni 2023 tu, mjini Paris, zaidi ya nusu ya deni hilo likiwa la benki ya China ya biashara ya nje. Sisi tulikuwa na mradi wa bandari ya Bagamoyo, uliotiwa saini mwaka 2013 Rais Xi Jinping alipozuru Dar es Salaam, na ambao Rais John Magufuli aliukataa hadharani mwaka 2019, akitaja miongoni mwa masharti yake ukodishaji wa miaka 99. Mtu anaweza kubishana kama alikuwa sahihi kuhusu Bagamoyo. Sidhani anaweza kubishana kwamba kusoma masharti na kuyataja mbele ya wananchi ni haki yao.

Watu hupenda kusema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Ni methali ninayoiheshimu, na Angola ya 1975 ni ushahidi wake. Lakini katika habari hii ya shaba naona haitoshi, kwa kuwa nyasi hazina saini. Hichilema ametia saini njia ya Lobito na ametia saini TAZARA, na amefanya vizuri: mwenye milango miwili hapandishiwi bei na bawabu mmoja. Hofu yangu iko kwenye yale ambayo ushindani wa shaba hauyahesabu. Kutoka Kidatu kupitia Ifakara, Mlimba na vituo vidogo vya mlimani, reli hii ndiyo iliyowafanya watu wahame kutoka vijiji vya mbali na kujenga karibu na stesheni. Treni ya abiria ya masafa mafupi, ile ambayo wengi waliiita kipisi, ilibeba mikungu ya ndizi, magunia ya mpunga, kuku waliofungwa miguu, wanafunzi na wagonjwa. Akina mama wa Mlimba walijua kwamba ndizi ikikatwa siku fulani itafika Makambako ikiwa bado ngumu, na walipanga ada za shule kwa kufuata ratiba ya treni. Hakuna tani hata moja ya ndizi hizo iliyomfanya rais wa nchi kubwa apande ndege. Mwendeshaji aliyepewa miaka 30 kurejesha dola bilioni 1.4 ataona kwamba treni hiyo hailipi, na kwa hesabu yake atakuwa sahihi kabisa. Ni serikali zetu mbili tu zinazoweza kumwambia kwamba itembee hata hivyo, na mahali pa kumwambia ni ndani ya mkataba, pamoja na idadi ya mafundi wetu watakaofundishwa kazi, namba ya watu katika kila gengi, na haki ya mkulima kupakia gunia lake kwa nauli anayoimudu.

Desemba iliyopita nilikwenda Mlimba kumjulia hali baba mdogo. Nilimsomea habari za uzinduzi kutoka kwenye simu, polepole, kwa sababu sikio lake la kushoto limeanza kumwacha. Hakuuliza chochote kuhusu Marekani. Aliuliza kama kipisi kitakuwapo, na gengi moja litapewa kilomita ngapi, maana, alisema, mwanangu, mtu akipewa kilomita nyingi atagonga huku na kuruka huku. Nilimwambia kwamba hayo hayakuandikwa kwenye habari. Akatikisa kichwa, akachukua bilauri yake ya chai.

Usiku, saa nane hivi, treni ya mizigo ilishuka kutoka Makambako. Niliamka kwa mtikisiko wa ukuta, nikamsikia chumba cha pili naye ameamka. Magurudumu yalipita moja baada ya jingine, taratibu, kwa uzito. Alisubiri hadi behewa la mwisho.

"Imeshiba hii," akasema, na kitanda kikalia alipojigeuza.